Wakimbizi wa Burundi wa Mwaka 1972: Ardhi, Uraia na Ujirani wa Mataifa Mawili

CHAMWINO, DODOMA

Mwezi Oktoba 2021, Rais wa Jamhuri ya Burundi, Mheshimiwa Évariste Ndayishimiye, alipokelewa na Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, katika Ikulu ya Chamwino, mkoani Dodoma. Ziara hiyo ilihusisha pia eneo la Nala, nje kidogo ya Jiji la Dodoma, ambako mwekezaji kutoka Burundi alikuwa anajenga kiwanda cha mbolea. Kwa mwananchi wa leo, habari ya namna hiyo ni ya kawaida katika mahusiano ya nchi jirani. Hata hivyo, mwaka 1973, mwaka ambao Dodoma iliteuliwa kuwa makao makuu ya nchi, majeshi ya Burundi yalishambulia vijiji vya Tanzania vilivyopo mpakani mkoani Kigoma na kuua wananchi, na wafanyakazi wa Tanzania wakakataa kushughulikia mizigo ya Burundi. Chanzo cha mgogoro huo kilikuwa wakimbizi.

Makala haya yanaeleza namna Tanzania ilivyoshughulikia suala la Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972, tangu walipopokelewa hadi walipopewa uraia, na namna uamuzi wa kila hatua ulivyogusa ujirani wa nchi hizi mbili. Kwa kuwa mjadala wa wakimbizi wa Kipalestina na majirani zao wa Kiarabu husikika mara kwa mara nchini, makala yanaweka mifano hiyo miwili karibu karibu. Haifanani katika kila jambo, lakini kila mmoja unasaidia kuueleza mwingine.

Mwaka 1972 na safari ya kwenda msituni

Mwishoni mwa Aprili 1972 kulizuka uasi kusini mwa Burundi, na Serikali ya nchi hiyo wakati huo ikajibu kwa mauaji makubwa yaliyowalenga Wahutu, hususan waliosoma: walimu, wanafunzi, watumishi wa umma na wafanyabiashara. Makadirio mengi ya waliouawa huanzia watu 100,000 kwenda juu. Waliosalimika walikimbilia nchi jirani, na kundi kubwa zaidi, takribani watu 150,000 katika miaka iliyofuata, waliingia Tanzania kupitia Kigoma.

Serikali ya Tanzania haikuwaacha mpakani. Iliwahamishia ndani ya nchi, katika maeneo ya misitu ya miombo yenye mbung'o ambayo hayakuwa na wakazi wengi. Makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, yalianzishwa mwaka 1972. Katumba, karibu na Mpanda, yalifuata mwaka 1973. Ulyankulu yalipozidiwa na idadi ya watu kuliko uwezo wa ardhi na maji, makazi ya tatu ya Mishamo yalifunguliwa mwaka 1978. Kazi hiyo ilifanywa kwa ushirikiano wa pande tatu: Serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, na shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi lililojulikana kwa kifupi kama TCRS.

Jambo lililotofautisha makazi hayo na kambi lilikuwa ardhi. Kila familia ilipewa shamba la kulima pamoja na kiwanja cha nyumba, na chakula cha msaada kilitolewa kwa muda tu, hadi mavuno yatakapotosha. Wakazi walifyeka msitu, wakalima mahindi, mihogo na maharage kwa chakula, na tumbaku kwa biashara. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 makazi yote matatu yalihesabiwa kuwa yanajitegemea, na uendeshaji wake ulikabidhiwa kwa Serikali. Huduma zilizojengwa na wafadhili zikawa za Serikali, na kodi za wakazi zikaingia katika mfuko mmoja na za Watanzania wengine.

Msomaji wa Dodoma atautambua mpango huo bila shida. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma ilikuwa imeanza kuwakusanya wananchi wa mkoa huu katika vijiji vya ujamaa, Chamwino ikiwa miongoni mwake, na Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alishiriki huko kazi ya kufyatua matofali. Kijiji cha mkimbizi kule Mishamo na kijiji cha Mgogo huku uwandani vilipangwa kwa fikra moja: barabara iliyonyooka, nyumba zilizosogezwa pamoja, shule, zahanati, kisima, na mashamba pembeni. Mkimbizi hakupewa kidogo kuliko raia, wala hakuulizwa sana kama angependa kuishi hivyo. Raia naye hakuulizwa sana.

Kwa nini mbali na mpaka

Uamuzi wa kuwapeleka wakimbizi mamia ya kilomita kutoka mpakani ulikuwa na msingi wa kisheria. Tarehe 10 Septemba 1969, jijini Addis Ababa, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha Mkataba unaosimamia masuala mahususi ya wakimbizi barani Afrika. Vifungu vyake vitatu vinahusu moja kwa moja uhusiano wa majirani. Cha kwanza kinatamka kwamba kutoa hifadhi ni tendo la amani na la kibinadamu, na nchi mwanachama yeyote asilichukulie kuwa tendo la uhasama. Cha pili kinazitaka nchi zinazotoa hifadhi kuwaweka wakimbizi umbali wa kutosha kutoka mpaka wa nchi walikotoka, kwa sababu za usalama. Cha tatu kinakataza wakimbizi kuishambulia nchi nyingine ya Afrika kwa silaha, kwa magazeti au kwa redio.

Inafaa kulinganisha tarehe hiyo na nyingine. Mwezi Novemba 1969, chini ya miezi miwili baada ya Mkataba wa Addis Ababa, Lebanon na Chama cha Ukombozi wa Palestina, PLO, walifikia Makubaliano ya Cairo, yaliyowaruhusu wapiganaji wa Kipalestina kuendesha mapambano dhidi ya Israeli kutoka katika ardhi ya Lebanon na kuyaweka makambi chini ya usimamizi wao. Yaliyofuata yanajulikana. Nchini Jordan, ambako wapiganaji walikuwa na nguvu kubwa, jeshi la Mfalme Hussein lilipigana nao kuanzia Septemba 1970 na kuwafukuza mwaka 1971. Wengi walihamia Lebanon, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza huko mwaka 1975, na mwaka 1982 Israeli ikaivamia nchi hiyo hadi Beirut, ndipo uongozi wa PLO ukahamia Tunis. Lebanon iliyafuta Makubaliano ya Cairo mwaka 1987. Raia wa kawaida wa Kipalestina, ambaye hakuwa mpiganaji, alibaki akibeba lawama ya vita hivyo machoni mwa jirani yake Mlebanoni.

Tanzania haikuwa nje ya siasa za ukombozi; kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika zilikuwa hapa hapa nchini, Kongwa ikiwa mojawapo katika Mkoa huu wa Dodoma. Tofauti ni kwamba Serikali ilitenganisha mpigania uhuru dhidi ya ukoloni na mkimbizi kutoka nchi huru ya Afrika. Katazo hilo halikutekelezeka kikamilifu. Mwaka 1980 chama cha Palipehutu, kilichokuja kuwa na jeshi katika vita vya Burundi, kilianzishwa na wakimbizi ndani ya makazi ya Mishamo. Katika miaka ya 1990 Serikali ya Burundi ilidai mara kwa mara kwamba waasi walipata watu na chakula katika kambi zilizopo Tanzania, na Tanzania ilikanusha kuwaunga mkono. Mgogoro wa 1973, uliosuluhishwa mwaka huohuo kwa msaada wa Rais Mobutu Sese Seko wa Zaire, haukuwa wa mwisho, lakini umbali wa makazi yale ulisaidia usiwe vita.

Wimbi la miaka ya 1990 na kufungwa kwa mpaka

Kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993 kulileta wakimbizi wapya kutoka Burundi. Miezi sita baadaye, mwishoni mwa Aprili 1994, takribani Wanyarwanda 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Hakuna serikali ambayo ingeweza kugawa mashamba kwa kasi hiyo. Kambi zilizoanzishwa, Benaco ikiwa ndiyo iliyojulikana zaidi, zilitegemea mgao wa chakula, na misitu iliyozizunguka ilikatwa kwa ajili ya kuni.

Sera ilibadilika. Machi 1995 Tanzania ilifunga mpaka wake na Burundi. Desemba 1996 Serikali na UNHCR zilitangaza kwamba Wanyarwanda wote walitakiwa kurejea kwao kabla ya mwisho wa mwezi huo, na takribani watu nusu milioni walivuka kurudi, wengine kwa kusindikizwa na askari. Uamuzi huo ulikosolewa na mashirika ya haki za binadamu na bado unajadiliwa. Sheria ya Wakimbizi Na. 9 ya mwaka 1998, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1965, na Sera ya Taifa ya Wakimbizi ya mwaka 2003 zilithibitisha mwelekeo mpya: mkimbizi ataishi katika eneo lililotengwa, na ufumbuzi unaopewa kipaumbele ni kurejea nyumbani.

Wakati huohuo Tanzania ilichagua njia ya pili, ya kutafuta amani ndani ya Burundi kwenyewe. Mwalimu Nyerere alisuluhisha mazungumzo ya Arusha hadi alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, Mzee Nelson Mandela akayapokea, na Mkataba wa Arusha ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Masuala ya wakimbizi na ardhi yao yalipewa nafasi katika mkataba huo. Ni jambo la kuzingatia kwamba msuluhishi alitoka katika nchi iliyokuwa na mzigo mkubwa kuliko zote: Tanzania haikuwa mtazamaji asiye na lake, na pande zote mezani zilijua hivyo.

Uamuzi wa 2007

Amani ilipoanza kurejea, swali la watu wa 1972 lilirudi. Kufikia mwaka 2007 makazi matatu yalikuwa na watu wapatao 218,000. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Tanzania, wamesoma shule za Tanzania, na Burundi waliijua kwa masimulizi ya wazazi. Serikali za Tanzania na Burundi pamoja na UNHCR zilikubaliana kila familia iulizwe: kurejea Burundi, au kuomba uraia wa Tanzania kwa tajnisi.

Takribani moja ya tano walichagua kurejea, na zaidi ya watu 50,000 walisafirishwa hadi Burundi. Kwa wengi haikuwa safari ya kurudi nyumbani bali ya kwenda kuanza. Ardhi waliyoiacha wazazi wao, hasa katika maeneo yenye rutuba kandokando ya Ziwa Tanganyika kama Rumonge, ilikuwa imelimwa na watu wengine kwa zaidi ya miaka 30, baadhi yao wakiwa na hati walizopewa na serikali iliyotangulia. Burundi iliunda tume ya ardhi na mali mwaka 2006 kusikiliza madai hayo, na vijiji maalumu vilijengwa kwa ajili ya waliorejea bila kuwa na pa kwenda. Anayepita leo katika mjadala wa haki ya Wapalestina kurejea, haki iliyotajwa katika Azimio Na. 194 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la tarehe 11 Desemba 1948, atakuta swali lilelile la shamba na nyumba, ila pale bado halijapata ufumbuzi.

Waliobaki, takribani asilimia 80, waliomba uraia. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 humtaka mwombaji wa tajnisi awe ameishi nchini kwa muda uliowekwa, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema na awe na nia ya kuendelea kuishi Tanzania. Masharti hayo hayakuwa magumu kwa watu waliokwisha kuishi hapa miaka 35. Sharti gumu lilikuwa jingine: Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo kila mwombaji alitakiwa kuukana uraia wa Burundi. Mwaka 2010 Serikali ilitangaza kuwakubali watu 162,156.

Hapo ndipo utaratibu ulipokwama. Mpango wa awali ulitaka raia wapya wahame makazi yao na kutawanywa katika mikoa mbalimbali, na vyeti vya uraia viliambatanishwa na kuhama huko. Mikoa mingine ilisita kuwapokea, wenyewe hawakutaka kuacha mashamba waliyoyafyeka kwa mikono yao, na fedha za kuwahamisha hazikutosha. Kwa takribani miaka minne watu hao walikuwa wameukana uraia mmoja na hawana karatasi ya mwingine. Kijana aliyetaka kwenda chuo, mama aliyetaka kusafiri na mfanyabiashara aliyetaka leseni, kila mmoja aliulizwa hati asiyokuwa nayo. Ni kipindi ambacho historia ya suala hili haipaswi kukiruka.

Oktoba 2014, Rais Jakaya Mrisho Kikwete alizindua ugawaji wa vyeti, na sharti la kuhama likaondolewa. Mwaka uliofuata wengi wao walipiga kura kwa mara ya kwanza. UNHCR iliutaja uamuzi huo kuwa tajnisi ya kundi kubwa la wakimbizi ambayo haikuwahi kufanywa kwa kiwango hicho. Haukuwa wa kwanza kwa Tanzania, kwani Wanyarwanda wa mwanzoni mwa miaka ya 1960 walifunguliwa mlango huohuo mapema miaka ya 1980, na Mwalimu Nyerere alitunukiwa Tuzo ya Nansen mwaka 1983. Wasomali wenye asili ya Kizigua waliohifadhiwa Chogo, wilayani Handeni, walipewa uraia pia. Hao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka pwani hii hii katika karne ya 19, na ukimbizi uliwarudisha walikotoka.

Mfano wa majirani wa Palestina

Zaidi ya Wapalestina 700,000 walikimbia au kufukuzwa makwao katika vita vya 1948, na wengine wapatao 300,000 mwaka 1967. Shirika la Umoja wa Mataifa linalowahudumia, UNRWA, lilianza kazi Mei 1950 na sasa lina orodha ya takribani watu milioni 5.9 nchini Jordan, Lebanon na Syria, na katika Ukingo wa Magharibi na Gaza.

Nchi jirani hazikuwa na jibu moja. Jordan, kwa sheria ya uraia ya mwaka 1954, iliwapa uraia Wapalestina wengi waliokuwa chini ya mamlaka yake, lakini waliotoka Gaza mwaka 1967 hawakuingizwa. Syria, kwa sheria ya mwaka 1956, iliwapa haki karibu sawa na za raia katika kazi, biashara na elimu, bila kuwapa uraia wenyewe. Lebanon, yenye mgawanyo nyeti wa madaraka kati ya madhehebu, imewazuia katika taaluma nyingi, na tangu mwaka 2001 haiwaruhusu kununua ardhi wala nyumba. Itifaki ya Casablanca ya Jumuiya ya Nchi za Kiarabu ya mwaka 1965 ilielekeza Wapalestina wapewe haki ya kazi na safari kama raia, huku wakibaki na utaifa wao wa Kipalestina.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Nchi za Kiarabu zilieleza kwamba kumpa Mpalestina uraia wa nchi nyingine ni kufuta dai lake la kurejea, na Wapalestina wengi wenyewe wamelikubali hilo. Mrundi wa Katumba hakuwa katika hali hiyo: Burundi ilikuwepo, ilikuwa tayari kumpokea, na kuukana uraia wake hakukuifuta nchi yake. Kwa sababu hiyo, anayeshauri mfano wa Tanzania utumike kwa Wapalestina kama ulivyo anaruka jambo la msingi. Kinachoweza kulinganishwa ni kiwango cha chini kuliko uraia, yaani ruhusa ya kufanya kazi, kulima na kumiliki, ambayo Mrundi wa Mishamo alikuwa nayo kwa sehemu kubwa kabla ya cheti chochote, na ambayo mkazi wa kambi ya Lebanon hana hadi leo. Tanzania yenyewe ilivunja uhusiano na Israeli Oktoba 1973, ikairejesha mwaka 1995, na iliitambua Dola ya Palestina mwaka 1988; msimamo wake rasmi ni suluhu ya mataifa mawili.

Hali ya sasa

Si Warundi wote walipata njia ya watu wa 1972. Walioingia miaka ya 1990 walibaki kambini, na hadhi yao ya ukimbizi ilipoondolewa mwaka 2012, kambi ya Mtabila wilayani Kasulu ilifungwa na takribani watu 35,000 wakarudishwa Burundi. Mwaka 2015 mgogoro wa kisiasa ulileta wengine zaidi ya 200,000 katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Urejeaji wa hiari chini ya Tume ya Pande Tatu ulianza Septemba 2017, na Mtendeli ilifungwa mwaka 2021. Suala hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyozungumzwa Kigoma, Septemba 2020, katika ziara ya kwanza ya nje ya Rais Ndayishimiye.

Kwa waliopewa tajnisi, Waziri mwenye dhamana ya Mambo ya Ndani ya Nchi anaweza kuufuta uraia huo kwa sababu zilizotajwa na sheria, kama vile udanganyifu katika maombi. Mtoto aliyezaliwa Tanzania baada ya mzazi wake kupata uraia ni raia wa kuzaliwa, hahitaji cheti cha tajnisi, na kumdai cheti hicho shuleni au katika ofisi ya kijiji hakuna msingi wa kisheria.